Kuchambua

Mama alichambua kahawa miaka kumi na tisa
katika kiwanda cha mabati, Mbale, ng'ambo ya reli,
kwa kidole gumba na cha shahada:
nyeusi kando, iliyotobolewa kando,
iliyovunjika kando, jiwe kando.
Alilipwa kwa kilo ya taka, si kwa kilo ya kahawa.
Nikadhani, utotoni, kuwa mama anauza ubaya.

Sasa ni saa nane usiku hapa Namakwekwe,
mvua inashuka kutoka Wanale bila hodi,
nami nachambua kwa mashine.
Faili moja, mistari arobaini na miwili,
nimeisimamisha mlangoni pa hazina yetu ya msimbo
imwambie kila aletaye kazi: subiri.
Jina lililotangazwa likasahauliwa, kando.
Swali la hifadhidata lililoachwa wazi
hadi mgeni aingize mkono achote, kando.
Maktaba ya kuazima, ina tundu tangu mwaka juzi, kando.
Majaribio mia tatu na sita yanakimbia, yanakwisha,
Wamimbi bado anamenya muhogo wake.

Zamani (zamani ni Machi) tulitegemea macho yake.
Macho ya Jumatatu ni makali.
Macho ya Ijumaa jioni huandika "iko sawa"
na kuvaa koti.
Ndipo Mzee Gidudu akateremka toka Bududa,
simu ndani ya mfuko wa nailoni,
akaiweka mezani kwetu kama mgonjwa.
"Hii inasema nimelipwa," alisema.
Akaupindua mfuko wa suruali, ndani nje.
"Huu unasema hapana."

Basi nikaandika ile faili.
Mara ya kwanza kuiwasha, ikawaka nyekundu
na ofisi nzima ikamgeukia Wamimbi, ikicheka.
Haikuwa yake.
Ilikuwa yangu: juma langu la kwanza kazini,
mstari wa themanini na nane,
nywila ya mlango wa malipo yote,
herufi wazi, mchana kweupe:
Khainza1961.

Jina la mama na mwaka wake.
Miaka mitatu nilikuwa nimemwacha nje,
ananyeshewa,
funguo za wakulima elfu nne kiganjani,
na kila apitaye angeweza kumsalimu kwa jina.
Nikamfuta. Hakufutika:
hazina huhifadhi kila ulichowahi kusema,
hata ulichojuta dakika ile ile.
Ikabidi kubadili kufuli lenyewe, usiku ule ule,
vidole vikikosea herufi.

Sikumwambia mama. Nilimpigia tu,
nikauliza habari za ile mashine yenye jicho la umeme,
mwaka ilipofika kiwandani
na wanawake sitini wakaambiwa asanteni.
Yeye alibaki, na wengine watatu.
"Kwa nini nyinyi?"
Akacheka, nikasikia sufuria ikifunikwa.
"Iko punje nzuri ya rangi, nzima, imeoza harufu.
Ukiiacha moja, gunia zima linanuka.
Ile mashine, mwanangu, haina pua."

Jana Wamimbi aliniuliza, hakunitazama:
"Na mimi, sasa?"
Nikamsogezea kazi ya yule kijana mpya.
Safi. Kijani juu hadi chini,
hakuna tundu, hakuna jiwe.
Nikasema, soma.
"Imeshapita."
Soma.

Akasoma. Muhogo ukapoa.
Akarudi juu, akasoma tena, taratibu,
kidole juu ya skrini, mstari kwa mstari,
kikasimama.
"Inafanya kazi," alisema,
"lakini tazama inavyokata hesabu:
kila malipo yanashushwa hadi elfu iliyo chini.
Mwenye magunia hamsini hataona.
Mwenye debe moja..."

Hakumaliza.
Nje maji yalikuwa yamefika kizingitini.
Ile taa ya kijani iliendelea kuwaka,
imeridhika.