Kufuga Maji

Kabati la vioo la mama, lile la maandazi,
lilikaa uani kwetu Chikongola miaka miwili
likitunza vumbi na mjusi mmoja asiyelipa kodi.
Nikavipeleka vioo kwa fundi Nalinga.
Akapima, akakata, akapaka silikoni kwenye kona:
"Siku mbili usiliguse. Kisha lijaze, lilale juu ya gazeti.
Gazeti likilowa, nirudishie."
Lililowa pembe moja. Nikarudisha.

Mara ya pili nikaosha kokoto kama mchele wenye mchanga,
maji saba, maji nane, hadi yakatoka meupe.
Maji ya bomba nikayalaza kwenye ndoo wazi
ile dawa yake iruke, iende zake.
Tangi nikaliweka mbali na dirisha, maana jua la Mtwara
likizoea maji, huyavisha kijani.

Na hapo nikaharakisha.
Samaki watano wa dhahabu, wamesafiri usiku kucha
toka Dar ndani ya mfuko uliovimba hewa,
nikawamwaga palepale, bila hata kuuacha mfuko uelee
wazoee joto la ugenini.
Ijumaa wawili walilala ubavu.
Jumapili, wote.
Maji yalikuwa maangavu kama machozi.

Mwalimu Chilumba wa maabara aliinama, akanusa.
"Maji machanga haya, Somoe. Hayajapata wenyeji.
Kuna vijidudu, jicho haliwaoni,
ndio wanaoila sumu ya mavi ya samaki.
Wasubiri wahamie. Mwezi. Labda na nusu."

Pampu ikakoroma, kokoto zikakaa, mmea mmoja,
samaki hakuna. Kila jioni natupia punje ya chakula
kuwalisha wasioonekana.
Bi Asumini huchungulia mlangoni:
"Leo tena unafuga maji?"
"Nafuga maji."
"Haya. Yakinenepa, utuchinjie."

Sasa wapo watatu.
Siwalishi kwa huruma: kile wanachokimaliza
kabla sijamaliza kufunga kilemba, basi.
(Shaweji huwamwagia makombo kwa siri. Najua kwa harufu.)
Jumamosi nachota robo, narudisha robo ya ndoo iliyolala;
ile chafu hunywa mchicha, na mchicha wangu
siku hizi unaombwa hata na wasionisalimu.
Sponji la pampu nalikamua ndani ya maji yaleyale machafu,
kamwe si bombani. Wenyeji wangu wamo.

Bi Asumini amemchagua mnono, yule wa mkia uliopasuka,
anasema angefaa chukuchuku, na ndimu mbili.
Kisha anavuta kigoda, anakaa naye saa nzima.

Jana usiku umeme ulikatika.
Sikuamshwa na kelele, niliamshwa na pampu kunyamaza.
Nikapapasa upawa wa mama,
nikachota, nikainua juu, nikamimina,
nikachota, nikamimina, hewa iingie,
kama alivyokuwa akinipoozea uji.
Saa tisa umeme ukarudi.
Sikuacha mara moja.