Mwezi Haujaandama

Siku ya kumi na tisa.
Nahesabu kwa vidole, mkono mmoja kwenye breki,
nahesabu na abiria: sita, na gunia la viazi.
Gari la kebo linaachana na ukingo,
Chiatura inabaki chini na mto wake
mweusi wa vumbi la mgodi.
Mwezi wa angani upo, mzima, unatukodolea macho mchana.
Wangu ndio haujaandama.

Nina miaka arobaini na minne.
Katika umri huu mwili hausemi kitu waziwazi.
Unabisha hodi na kukimbia, kama watoto wa jirani.

Huenda ni majonzi tu. Tulimzika mama mwezi wa pili,
nikakonda hata pete ikanivuka, ikapotelea kwenye unga.
Huenda ni zamu za usiku. Huenda ni tezi,
ile iliyomvimbisha shingo dada yangu Mzia,
akakaa miezi mitatu bila kuona siku zake
na shangazi zetu wakamfumia soksi za mtoto.
Soksi zile leo tunashikia sufuria za moto.

Huenda ndiyo basi tena:
mlango unajifunga taratibu
nami nimesimama kizingitini nikidhani ni upepo.

Au ni Vazha.
Alikuja Pasaka kutoka Polandi, siku tano,
mbili kati ya hizo akilala fofofo,
nywele zikinuka rangi ya magari.
Hesabu haikatai.
Hesabu haikubali.

Nimetamani plamu mbichi kwa chumvi.
Lakini mwezi wa tano, nani hapa hatamani plamu mbichi?
Hata padri hutembea na chumvi mfukoni.
Matiti yanauma. Yaliuma na mwaka jana,
nikawa mtu wa chooni mara tisa kwa siku,
na haikuwa kitu, ilikuwa damu iliyopotea njia
ikafika wiki mbili baadaye, bila hata kuomba radhi.

Kipimo sikununua hapa.
Lamara wa duka la dawa ana macho ya mizani;
kabla hujafika nyumbani, habari yako imeshaketi jikoni inakungoja.
Nilipanda basi hadi Zestaponi,
nikaagiza na dawa ya kikohozi, kisha nikakohoa.
Muuzaji, kijana wa juzi, hakuinua uso:
"Mkojo wa kwanza, asubuhi. Vimo viwili,
ukiwa na shaka."
Nikiwa na shaka!
Nikamshukuru. Nikakohoa tena.

Nilikificha nyuma ya chupa za jamu ya jozi, siku tatu.
Kutojua nako kuna joto lake.
Siku tatu nimekuwa mjamzito na nimekuwa ajuza,
nimechagua jina, nimegawa magauni yangu mekundu,
nimelia kwa lile na kwa hili, machozi yaleyale.
Jana umeme ulikatika tukiwa katikati ya bonde,
tukaning'inia, tukiyumba kidogo.
Mtoto mmoja akauliza: tunapanda au tunashuka?
Abiria wote wakanigeukia mimi.
Nikasema, tulia, ngoja.
Nikashangaa sauti yangu ilivyokuwa na hakika.

Leo alfajiri nimenyoosha mkono nyuma ya chupa.
Boksi limechanwa.
Ndani kimebaki kimoja.

Bafuni taa inawaka.
Tekle wangu, miaka kumi na tisa,
aliyesema anasomea mtihani usiku kucha,
ameketi ukingoni mwa beseni miguu mitupu,
kipimo kimelala kifudifudi juu ya goti,
hajathubutu kukigeuza.
Ananitazama kama aliyekamatwa, na kama aliyeokolewa.
"Mama," anasema, "umejuaje?"

Nimetafuta jibu, sikuliona.
Nimechukua kile kilichobaki,
nimefunga mlango kwa ndani,
nikamwambia asogee kidogo.