Kiswahili cha Bunduki

Kiswahili changu nilikiokota kambini,
maneno kama arobaini, yote ya amri:
simama, fungua, toa, nyamaza.
Sikujua lugha hii ina namna ya kuomba chumvi.

Nilifika Bududa usiku, mwaka serikali ilipoanguka,
risasi pajani, kiatu kimejaa damu.
Niligonga mlango wa kwanza kwa kitako cha bunduki.
Mwanamke akafungua. Nikafoka: Lala chini!
Akautazama mguu. "Wa kulala ni wewe," akasema.

Khainza. Na mumewe Wamono akashika taa
kama anayemulikia mbuzi anayezaa.
Bunduki hawakuninyang'anya. Walisema tu
kitanda ni chembamba, chagueni, wewe au yeye.
Wiki ya kwanza alilala yeye.

Jumapili walikaa sebuleni, wao na majirani,
bila padri, bila wimbo, bila neno.
Kimya nakijua mimi: kimya cha kuvizia,
kimya cha nyumba iliyokwisha kusachiwa.
Hiki kilikuwa na kikohozi ndani yake,
na mtoto anayechezea kifungo cha shati.
Nikangoja nione nani ataanza.
Hakuna aliyeanza.

Msimu wa kahawa nilichechemea na kikapu,
nachuma nyekundu, naacha kijani,
kwa kidole kilekile.
Mutonyi, mjane, mdogo wake Khainza, alinicheka:
"Vitenzi vyako vyote viko uchi.
Toa! Kaa! Nani? Na nani?"
Akavivika kisilabi kimoja, kama kanga begani:
tukae. Tule. Tungoje mvua ipite.

Kisha Drasi akanifuata, na wenzake wawili.
Toka! akaita nje. Neno hilo nilimfundisha mimi.
Nilipapasa chini ya kitanda; chuma kilikuwa pale,
baridi, kimeota kutu kwenye komeo.
Nikakiacha. Nikatoka na bakuli la malewa.
Lala chini, akasema.
Nikasema: Tukae.

Hakukaa. Alikula amesimama, mtutu kifuani kwangu,
akalamba vidole, akaondoka
na mbuzi wawili wa Wamono na viatu vyangu.
Sisemi alibadilika.
Mbuzi nililipa kwa misimu mitatu ya kahawa.

Mtutu wangu sasa unapulizia moto jikoni.
Lakini usiku mwingine bado naamka nimelowa jasho,
mkono unatafuta, mdomo unaamuru giza:
Lala!
Mutonyi hanifokei. Ananivutia blanketi,
ananirudishia neno langu limevaa:
Tulale.