Koki Elfu Kumi na Mbili

Kiwanda chetu hutengeneza koki.
Elfu kumi na mbili kwa wiki, shingo zimepinda kama za bata,
nikeli kwanza, kromu juu yake,
mpaka ukiinama unajiona, pua kubwa kuliko aibu.
Zinaenda kwenye majiko ya watu nisiowajua.
Hapa Đồng Vực hakuna hata moja iliyofungwa kwenye bomba.

Mimi kazi yangu iko nyuma, kwenye matangi,
penye kile ambacho koki ziliacha zilipokuwa zikipambwa.
Maji huja manjano, manjano ya kupendeza,
asiyejua angeyasifu.
Nayatia tindikali, nayatia chumvi ya salfiti,
nangoja. Yanageuka kijani.
Nayatia chokaa, nangoja tena.
Ndipo metali inapochoka kuelea,
inashikana vipandevipande, inashuka,
inakaa chini kama abiria waliofika mwisho wa safari.
Maji yaliyobaki juu nayapitisha kwenye pumba za mpunga zilizochomwa,
pumba za shamba la mama yangu,
na nikeli iliyosalia inang'ang'ania humo.

Hivi ndivyo inavyotakiwa.
Hivi ndivyo inavyokuwa siku za wageni.

Siku nyingine chokaa ina bei,
umeme una bei,
na meneja, Bwana Lạng, ana ufunguo wa vali ya pembeni
shingoni, pamoja na hirizi ya jade.
Usiku naisikia vali ikikohoa mara moja.
Kisha mfereji. Kisha mboga za mama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Waliotunga methali hawakusema apone kwa siku ngapi.

Alikuja Machi, katika manyunyu, Bwana Haagensen wa mfuko wa pensheni.
Fedha za wazee wa nchi ya theluji, alisema,
walimu na mabaharia waliostaafu,
ndizo zilizojenga matangi haya,
nazo zinataka kurudi nyumbani zikiwa zimenenepa kidogo.
Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia mbele ya tangi la mwisho
wanamoogelea samaki wawili wekundu.
Kama wanaishi, maji ni mazima, akasema,
na mkalimani Diệp akatafsiri.
Akaniuliza mimi, si meneja:
wana muda gani humu?

Nikaangalia mikono yangu, ukijani kwenye kucha.
Nikasema: Huyu ni wa Jumanne. Yule ni wa jana.
Wa kabla yao wako kwenye gunia, nyuma ya chokaa.

Diệp alinyamaza pumzi moja.
Ana watoto wawili, Diệp, na mkopo wa pikipiki.
Akatafsiri. Sijui alisema nini;
ilikuwa fupi kuliko yangu.
Bwana Haagensen akatabasamu, kisha tabasamu likasahaulika usoni pake.
Akatoa kalamu, akaandika kitu,
akakizungushia duara.

Ni Juni sasa. Sijafukuzwa.
Vali ina kufuli jipya, ufunguo sijui uko shingoni mwa nani.
Usiku natega sikio.
Magunia ya tope la kijani yamefika dirishani,
kwa kuwa metali haifi, inahama tu,
kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope,
kutoka kwenye tope kwenda kwa asiyeuliza,
na sijasikia mtu aliyekopesha fedha kwa ajili ya magunia.

Mama anauliza kama mboga zinalika.
Namwambia asubiri.

Nilimpelekea koki moja yenye mkwaruzo, iliyokataliwa.
Ameiweka dirishani kwake, haijafungwa popote,
kila asubuhi anaifuta vumbi.
Jana niliikuta imefunguliwa mpaka mwisho,
na beseni chini yake.