Waya Uliopita Mlangoni

Isuzu ya mzee Penieli Urio haijatembea tangu masika.
Magurudumu yamezama nusu kwenye ngwe ya dada yake,
migomba ya Tengeru inapapasa vioo.
Ndani mna kitanda, mtungi mdogo wa gesi,
ramani za upimaji zilizokunjwa kama shuka za wodini,
na ruta ya safari, ya kuenea kiganjani,
inapepesa jicho la njano.
"Inakufa na kufufuka," akasema.
"Kwangu kila saa ni Pasaka."

Nilianza anapoanza kila fundi: nikazima, nikawasha.
Nikahesabu hadi thelathini,
kwa sababu watu hupenda kukuona ukihesabu.
Njano.
Nikainamia matundu: waya umechomekwa la kutolea
badala ya la kupokelea.
Nikauhamisha. Mzee akakohoa,
kikohozi cha mtu aliyepima nusu ya mkoa kwa mnyororo
na leo amekosea shimo la ukubwa wa punje ya hindi.

Kijani. Lakini ukurasa haufunguki.
Nikasoma anwani kwenye simu:
ruta ya nyumbani 192.168.1.1,
ruta ya garini 192.168.1.1.
Pacha waliobatizwa jina moja!
Ukiita, wanageuka wote,
au anageuka yule usiyemtaka.
Nikambadilishia jina huyu wa garini,
nikampa nane palipokuwa na moja.

Mjukuu akatokea, yuko Mtwara, hana meno mawili ya mbele.
"Babu, bado unakaa kwenye gari?"
Ukungu wa Meru ulikuwa unaingia. Mzee akafunga mlango,
na mtoto akaganda, mdomo wazi.

"Fungua, mzee."
Mtoto akacheka.
"Funga."
Akaganda.
"Fungua."

Nikatoka kuufuata waya.
Ulichomoza kwenye dirisha la jikoni la dada yake, Apaikunda,
ukapanda kamba ya nguo, ukapita juu ya banda la mbuzi,
ukaingia garini kwa mlango.
Pale kwenye bawaba ulikuwa bapa kama utepe wa kanzu.
Nikaumenya, nikazitaja nyuzi kwa sauti,
bila sauti huwa nazichanganya:
nyeupe-machungwa, machungwa,
nyeupe-kijani, bluu,
nyeupe-bluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Ya machungwa ilikuwa imekatika.
Ya kijani ilishikilia kwa unywele mmoja wa shaba.

"Mlango huu unaufunga mara ngapi kwa siku?"
Akaelekeza kidevu jikoni.
"Kila yule anapotoka nje."

Sikuuliza zaidi. Mimi hulipwa kwa tundu, si kwa ukoo.
Lakini kwenye ngazi ya gari kulikuwa na bakuli la loshoro
limefunikwa sahani, limepoa,
nami nililiruka mara nne nikiingia na kutoka.

"Njia ni mbili," nikamwambia.
"Nitoboe sakafu, elfu kumi na tano pamoja na kichwa kipya.
Au uuache mlango wazi, hiyo ni bure."
Akautazama mlango muda mrefu
kuliko unavyostahili kutazamwa mlango wa Isuzu.
"Toboa," akasema.

Nikatoboa. Nikazungushia mpira wa tyubu kuukuu,
bati lisije likautafuna waya upya.
Nikambana kichwa, nikachomeka. Kijani, kijani, kijani.
Tukafunga mlango. Mtwara akaendelea kuongea.

"Ukipita pale jikoni," mzee akasema, akihesabu noti,
macho yake kwenye noti,
"mwambie taa imewaka."

Apaikunda alikuwa anachambua maharage.
Juu ya kabati, kando ya chumvi, ruta yake.
"Najua," akasema kabla sijamaliza.
"Ikizimika kule, huku nako huzimika.
Mwezi wa tatu huu naiangalia."

Nikashika njia ya kwenda barabarani.
Pale kwenye mgomba wa mwisho nikageuka,
mazoea tu ya kukagua kazi.
Mlango ulikuwa umefungwa,
na kwenye ngazi ilibaki sahani.