Gramu Mia Mbili za Mchele

Jumapili saa nne, kwenye njia kuukuu ya kurukia,
lami imepasuka, mbigili zimechipua katikati,
kushoto shamba la kabichi, kulia shamba la kabichi,
na upepo unaoingia kutoka Bahari ya Kaskazini bila hodi.
Hapa Lincolnshire wazee huja na vita vyao
kwenye buti la gari, vimeviringishwa blanketi.

Wilf Ogden ana Spitfire, bawa mita moja na nusu.
Masizi ya bunduki ameyapaka kwa brashi ya wanja
ya marehemu mkewe.
Raymond ana Messerschmitt, na kila wiki lazima ashindwe;
ndiyo makubaliano, hulipwa chai ya thermosi.
Wanafukuzana juu ya kabichi, wanaitikia kwa midomo,
tatatata, watu wa miaka sabini na ushei,
kisha mmoja anauliza: "Goti lako vipi?"

Mimi ni fundi wa lifti, hospitali ya Lincoln.
Siku ya kwanza walinipa kiti na biskuti,
wakaniuliza nitaunda ndege gani.
Hurricane? Mustang?
Nikasema Dakota.
Wakatazamana. Haina bunduki, Shemboza.
Lile ni lori lenye mabawa.

Ndiyo. Lori.

Baridi mbili nimechonga balsa kwenye meza ya jikoni,
Nasra akilalama kwamba pilau lina ladha ya gundi.
Lilikuwa nayo kweli.

Babu yangu alikuwa Keya. Bama, arobaini na nne,
mvua, na matope yanayommeza nyumbu hadi masikio.
Ushujaa hakuusimulia. Alisimulia njaa,
na mlio: injini mbili, chini kidogo ya mawingu,
halafu magunia yakishuka, mengine na miavuli,
mengine hivi hivi.
Moja lilimwangukia mpishi wao, Kombo wa Pangani,
aliyekuwa amesimama katikati ya uwazi
mikono juu, akiuita mchele kwa jina.
Babu alicheka kila alipofika hapo,
kisha akasogeza sahani yake kando.

Hayo sijamwambia Wilf.
Nilimwambia tu: babu aliipenda hii.

Leo inaruka.
Kazi ya mchezo huu, Wilf alinifunza, si kwenda.
Ndege ikikupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako.
Ikigeuka kukujia, kushoto huwa kulia,
na kidole kilichozoea kuokoa ndicho huangusha.
Nimeona wanaume wamepiga magoti kabichini
wakikusanya vijiti, kwa sababu hiyo tu:
kitu chao kilikuwa kinarudi.

Naigeuza. Inanijia.
Gumba linataka kosa lake, nalinyima.
Nabonyeza swichi niliyoichomea mwenyewe
na mlango wa ukubwa wa kiberiti unafunguka.
Vifuko vitatu, miavuli ya leso.
Cha kwanza, leso inachanua.
Cha pili, inachanua.
Cha tatu kinashuka kama jiwe, kinapasukia kwenye lami
hatua nne kutoka kiti cha Raymond.

Kimya.
Kisha Raymond: "Nusura uniue, wewe!"
Wanacheka wote, hata mbwa wa mtu anabweka,
nami nacheka, na kicheko nakitambua,
si changu, kinanitokea puani,
na biskuti iliyo mkononi siitaki tena.

Rimoti inapiga kelele, betri imekwisha.
Natua: gurudumu, gurudumu, mkia.
Nikiinua macho, Wilf yuko chini, juu ya goti lile bovu,
anaokota punje moja moja
anazitia kwenye kifuniko cha thermosi.
Acha, namwambia, kunguru watakula.
"Nilipokuwa mtoto," anasema, bila kuinua kichwa,
"chakula kwetu kilikuwa kwa kadi."

Naweka rimoti chini.
Lami ni baridi kuliko nilivyodhani.
Punje nyingine zimeingia kwenye nyufa,
hizo tunazifuata kwa ncha ya bisibisi.