Bondo Lisilopimwa kwa Kilo

Mama hununua mabondo mwaloni Kirumba
alfajiri, kabla mizani haijaanza kudanganya.
Huyapasua, huyakwangua damu kwa kijiko cha bati,
huyaanika wavuni yakauke kama karatasi za mirathi.
Bondo la sangara: kifuko cha pumzi, basi.
Samaki alikitumia kupimia kina,
leo kinamshinda bei samaki mwenyewe.

Mimi nami natengeneza vifuko.
Mlimani, chumba cha tatu, penye jokofu linalokohoa,
nachukua polima, uzi wa kubuniwa,
ncha moja yapenda maji, ya pili yayakimbia.
Nautia majini tone, tone.
Hapo sina mkono tena. Nyuzi zajipanga zenyewe:
ncha zinazoogopa maji zakumbatiana katikati,
zinazoyapenda zasimama nje na ndani,
ukuta wapinda, wajifunga,
umemeza kijiziwa kisicho na ufuko.

"Kikubwa kiasi gani?" Mama aliuliza.
Nikamwambia, ng'oa unywele wako mmoja,
panga vifuko mia tano bega kwa bega,
ndipo uuvuke unene wake.
Alicheka hadi kijiko kikamdondoka.
"Sasa kilo moja utaifikisha lini, Nyanzobe?
Na mnunuzi atavaa miwani gani?"

Sikumjibu. Magesa alikuwa mlangoni,
mwana wa dada yangu, miaka minne,
tumbo limemtangulia kama mgeni asiyebisha hodi.
Kichocho.
Hakuiba, hakutukana mtu;
aliogelea tu, kule Igombe, penye matete na konokono,
ziwa lilelile linalotulisha.

Dawa ipo. Ipo tangu sijazaliwa.
Ila ni chungu, uchungu wa kurudisha ulimi kisogoni,
na mtoto huitema kwenye kanga, kwenye uji,
kwenye kiganja cha muuguzi.
Na nusu kidonge si nusu kupona.

Ndiyo maana naufungia uchungu vifukoni:
ulimi upishe bila kujua,
ukuta uyavumilie mate,
ufike tumboni, penye ukali wa ndimu, ndipo ulegee.
Hivyo niliandika kwenye barua ya kuombea fedha.

Daftari lasema vingine.
Mkupuo wa kumi na tisa: vilivuja usiku.
Wa ishirini: umeme ulikatika, vikagandana.
Wa ishirini na tatu niliuonja mwenyewe, kinyume cha kanuni,
nikainamia sinki
nikimwomba Magesa radhi.

Leo ni wa thelathini na moja.
Chupa ina ukungu mwepesi,
maji yaliyosuuza kikombe cha maziwa,
na taa ikiipiga ubavuni, buluu kidogo.
Ukungu huo ni habari njema: vimejifunga.
Lakini kujifunga si kazi.
Kazi ni kujua pa kufungukia.

Jioni nateremka kumsaidia Mama kugeuza mabondo.
Anainua moja juani, nuru yapenya, anatafuta tundu.
"Yako bado yanavuja?"
"Moja katika matatu."
Hanisifu. Anasogea, ananiachia nafasi kwenye wavu.

Magesa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa,
miguu mikavu, vumbi hadi magotini.
Tumemkataza ziwa.
Analitazama tu.